Nimepanda treni ya haidrojeni na treni ya betri, na ni moja tu ningetaka kuiona Githurai

Kwanza mjue maoni haya yanatoka kwa nani. Mimi ni fundi wa betri, zile za pikipiki za umeme, na kibanda changu kiko Kariobangi Light Industries. Naishi Githurai, na siku nikiamka mapema napanda treni ya kutoka Ruiru nashuka Dandora. Kwa hivyo treni na betri kwangu si mambo ya kusoma tu, moja inanipeleka kazi na ingine inanilisha.

Juni 2024 dadangu mkubwa, ambaye ni muuguzi kule Hamburg, alinialika nikae kwake wiki tatu. Nikamwambia dada, mimi nataka vitu viwili tu, unipeleke nipande treni ya haidrojeni na unipeleke nipande treni ya betri, hayo mengine yote utanionyesha ukipata off. Akanikatia ile tiketi yao ya mwezi, wakati huo ilikuwa euro 49, na nayo unapanda treni zote za mikoa na mabasi ya mjini nchi nzima mpaka mwezi uishe. Hiyo tiketi peke yake ingeandikiwa maoni yake, lakini wacha nifike kwa treni.

Jumamosi ya kwanza tulienda Buxtehude, mji mdogo nje ya Hamburg, na hapo ndio laini ya haidrojeni inaanzia, inapita Bremervörde na Bremerhaven mpaka Cuxhaven kwa bahari. Treni yenyewe inaitwa Coradia iLint, imetengenezwa na Alstom, na ndio treni ya kwanza duniani ya haidrojeni kubeba abiria wa kawaida. Mbili za kwanza zilianza kazi kwa laini hiyo Septemba 2018, halafu Agosti 2022 zikaanza kuingia 14 za kuondoa dizeli kabisa, mradi wa kama euro milioni 93.

Kusema ukweli safari ilikuwa tamu. Mabehewa mawili, rangi ya bluu, ndani safi, na ikianza kutembea hausikii ule mtikisiko wa dizeli wa kukufikia mpaka kwa meno. Kuna mvumo wa feni juu ya paa, kama friji kubwa ya duka la nyama, basi. Kinachotoka nje ni mvuke wa maji. Nilisimama pale stesheni karibu na mwisho wa behewa nikivuta pumzi makusudi kama mtu amepotelewa na kitu, dadangu akaniuliza unanusa nini, nikamwambia nanusa kama kuna kitu cha kunusa, na hakuna. Mtu amekua kando ya reli akijua harufu ya dizeli kama anavyojua harufu ya mvua ataelewa.

Sasa watu wengi hudhani hii treni inachoma gesi kama meko ya nyumbani. Hapana. Haidrojeni iko kwa matangi juu ya paa, imefinywa mpaka bar 350 (bar ni kipimo cha shinikizo), inaingia polepole kwa seli, yaani kile kifaa cha kugeuza gesi kuwa umeme, inakutana na oksijeni ya hewa, hapo unatoka umeme na maji. Umeme unaenda kwa mota za magurudumu. Na chini ya sakafu, hii ndio ilinifurahisha, kuna betri za lithiamu, kwa sababu seli za haidrojeni hazipendi kubadilishwa kasi ghafla, kwa hivyo treni ikitaka nguvu ya kuondoka betri ndio inasukuma, na ikipiga breki umeme unaorudi unaingia kwa betri. Yaani ukiangalia vizuri treni ya haidrojeni ni treni ya betri iliyobebeshwa kituo kidogo cha umeme kwa kichwa.

Kile kituo kidogo ndio kinaipa umbali. Inajaza tangi inatembea mpaka kilomita 1,000, na Septemba 2022 moja yao ilitembea kilomita 1,175 bila kuongeza. Ukitaka kuelewa hiyo ni nini, chukua SGR yetu, Nairobi mpaka Mombasa na kurudi, na bado inabaki na gesi. Hapo sina ubishi, betri ya leo haiwezi.

Lakini mimi ni fundi wa umeme na swali langu la kwanza kwa kitu chochote ni umeme umeingia ngapi na umetoka ngapi. Nitawapigia hesabu kwa yuniti, zile zile za token ya stima. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kuvunja maji unatumia kama yuniti 50 mpaka 55. Hiyo kilo ikishatoka ina nguvu ya yuniti 33 hivi. Halafu uifinye iingie tangi, hapo umetumia stima zaidi, halafu seli ya kwa treni yenyewe inabadilisha kama nusu tu kuwa umeme na nusu inapotea kama joto. Kwa hivyo kwa mota zinafika kama yuniti 16 au 17. Umelipia 55 umetumia 17! Chukua zile yuniti 55 uziingize kwa betri moja kwa moja, chaja itakula kidogo, betri yenyewe itakula kidogo, mota itakula kidogo, lakini bado unabaki na zaidi ya 40 za kusukuma treni. Mteja wangu akiniletea betri inarudisha theluthi ya kile amechaji, mimi humwambia hiyo imekufa, nunua ingine.

Kuna mtu atasema mbona basi Wajerumani waliijenga. Pale kwao ilikuwa na maana yake, laini ndefu za mashambani bila nyaya za umeme juu, dizeli lazima iondoke, na eneo lenyewe liko na viwanda vya kemikali vinavyotoa haidrojeni kama mabaki, kwa hivyo mwanzoni gesi ilikuwa karibu. Nawaheshimu kwa kujaribu. Mtu wa kwanza kuvuka mto ndio hujua kina chake. Na walipojua kina wakasema wazi: Agosti 2023 shirika la mkoa huo huo wa Lower Saxony linalonunua treni, LNVG, lilitangaza kwamba kwa laini zinazobaki halitanunua haidrojeni tena, litanunua za betri, 102, juu ni nafuu kuziendesha. Mkoa mwingine, Baden-Württemberg, walifanya uchunguzi 2022 wakaona kwa miaka 30 haidrojeni inaweza kuwa ghali kwa mpaka asilimia 80 kushinda betri au nyaya. Frankfurt nao walichukua iLint 27 kutoka Desemba 2022 na zikawasumbua sana, abiria wakarudishiwa dizeli na mabasi. Na hata zile 14 za Bremervörde, 2025 nyingi zilikuwa zimeegeshwa zikingoja seli mpya, dizeli ikarudi kazini.

Hilo la seli ndio ningetaka mtu yeyote wa kununua treni Afrika alisikie. Spea. Betri ya lithiamu saa hii Nairobi kuna vijana mamia wanaifungua, wanapima seli moja moja, wanajua ile imevimba na ile bado iko na maisha. Ya treni ni kubwa na volti zake zinaua, haifunguliwi tu na mtu yeyote, lakini elimu ni ile ile, mtu anasomeshwa miezi kadhaa anaingia kazi. Seli ya haidrojeni ina utando mwembamba ndani na platinamu, inataka gesi safi kabisa, na ikiharibika unaandika barua ng'ambo unangoja meli. Kama wenyewe Ujerumani wamengoja, sisi tutangoja mpaka lini?

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya betri. Tukachukua treni mpaka Lübeck na hapo tukaingia treni ya betri inaitwa FLIRT Akku, ya kampuni ya Stadler, inayoenda Kiel. Mkoa huo wa Schleswig-Holstein ulinunua 55 na zilianza kazi 2023. Angalia venye inafanya, nimeirudia kichwani mara nyingi. Lübeck stesheni iko na nyaya juu, treni imesimama mkono wake umeshika waya inachaji. Inatoka, nyaya zinaisha, mkono unalala kwa paa, na kutoka hapo ni betri tupu, kama kilomita 80 za mashamba na maziwa, Eutin, Plön, Preetz, mpaka Kiel, na Kiel kuna nyaya tena mkono unainuka inaanza kunywa stima abiria wakishuka. Hakuna kituo cha gesi. Hakuna lori la kuleta kitu.

Na kimya! Hapo Plön reli inapita ukingoni mwa ziwa kabisa, tulikuwa tumekaa dirishani, na treni ikitoka stesheni nilisikia mama wa kiti cha nyuma akifungua karatasi ya mkate. Treni inaongeza kasi na mimi nasikia karatasi ya mkate. Inavuta haraka kushinda ile ya haidrojeni, unasukumwa kwa kiti kidogo, na ikipiga breki haina kelele ya chuma mpaka mita za mwisho, juu mota ndio zinashika na kurudisha umeme.

Makosa yake? Umbali, ndio hilo. Treni hizi zinapangiwa kilomita 80, 100, 150 hivi kati ya chaji na chaji. FLIRT Akku moja ilifika kilomita 224 bila waya mwaka 2021 ikawekwa kwa rekodi za Guinness, lakini rekodi ni rekodi, siku ya kazi na abiria wamejaa na hita imewashwa au feni hautaki kufika huko. Betri pia inazeeka, baada ya miaka kadhaa ya kazi utaibadilisha na hiyo ni pesa nyingi kwa mpigo. Na ni nzito. Lakini betri kuzeeka ni kitu unaona kikikuja, inapungua pole pole, unapanga. Haikuachi njiani bila kukuambia kama imetunzwa.

Kama ni nyota, kwa kuipanda tu naipa haidrojeni nne na betri tano. Kwa kuinunua ndio tofauti inakuwa kubwa, naipa haidrojeni mbili.

Sasa turudi nyumbani, juu hata nikiwa pale Plön kichwa kilikuwa Githurai. Angalieni laini zetu za hapa Nairobi. Kutoka stesheni kuu mpaka Syokimau haifiki kilomita 20. Embakasi karibu. Ruiru, Kikuyu, Limuru, zote hizi betri ya leo inaenda na inarudi na inabaki. Japani wamefanya hivi tangu 2014, kuna laini inaitwa Karasuyama kama kilomita 20 tu, treni inatembea na betri, ikifika mwisho kuna kipande kifupi cha waya pale stesheni, inachaji dakika chache inageuka. Hiyo ni Syokimau kabisa! Hakuna haja ya kuvuta waya kutoka mjini mpaka mwisho, unaweka waya stesheni kuu na labda mwisho wa laini, basi. Na wale watakaosema reli yetu ya zamani ni nyembamba, Austria kuna reli ya Zillertal, nyembamba kushinda yetu, milimita 760 na yetu ni mita moja, walikuwa wamepanga haidrojeni kwa miaka wakabadilisha nia wakaenda betri.

Limuru ndio ilinikalisha chini na kalamu, kwa sababu ni mlima. Treni ya tani 100 ukiipandisha mita 500 kwenda juu, hiyo kazi ya kupanda peke yake ni kama yuniti 136, weka kando msuguano na upepo. Ni nyingi lakini si ya kutisha betri ya treni. Halafu ikirudi mjini inashuka mlima huo huo, na badala ya breki kuchoma hiyo nguvu yote iwe joto na vumbi la chuma, mota zinairudisha kwa betri, sehemu nzuri yake. Dizeli ikishuka hairudishi hata tone kwa tangi. Kwa nchi ya milima kama hii yetu, hiyo tabia ya betri ina thamani kushinda kule kwao kwenye tambarare, na kusema kweli iLint pia inafanya hivyo, lakini inafanya kwa betri yake, si kwa haidrojeni.

Na stima yenyewe tuko nayo ya aina nzuri. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwa vyanzo visivyochoma mafuta, mvuke wa Olkaria ukiwa mbele. Mvuke haulali. Saa nane usiku watu wamezima taa na mvuke bado unatoka ardhini, na hiyo ndio saa treni zimeegeshwa. Tangu 2023 kuna bei maalum ya umeme wa magari, na usiku inashuka nusu, kutoka shilingi 16 mpaka 8 kwa yuniti kabla ya makato mengine. Mimi naijua hiyo bei vizuri juu wateja wangu wa boda wanachajiwa betri nayo. Mtu akiniuliza na stima ikipotea kama ile usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilikaa giza, namwambia ikipotea hata haidrojeni haitengenezwi, na inataka yuniti mara mbili au tatu kufanya kazi ile ile. Weka betri kubwa za akiba stesheni, zile zilizochoka kwa treni zinaweza kukaa hapo chini miaka mingine.

Siichukii haidrojeni, nataka nieleweke. Serikali ilizindua mpango wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023 hapa hapa Nairobi, na moja ya kazi kubwa mle ndani ni mbolea. Hapo naunga mkono na mikono miwili, juu mbolea ya naitrojeni huwezi kuitengeneza na betri, lazima haidrojeni iwe ndani, na sisi tunaagiza mbolea kwa meli kila msimu na wakulima wanajua bei yake ilifika wapi vita vya Ukraine vilipoanza. Kila kilo ya haidrojeni tutakayotengeneza Kenya ningependa niione shambani Trans Nzoia kabla sijaiona juu ya paa la treni.

Nanyuki ndio swali gumu. Ni zaidi ya kilomita 200, mlima, treni chache kwa wiki. Kisumu hivyo hivyo. Hapo mtu akiniambia haidrojeni nitamsikiliza, lakini ningemuuliza kwanza ameweka bei ya vipande vya waya Thika na Karatina, treni ichaji ikitembea chini ya waya kilomita kumi kumi hivi. Na laini zenye treni nyingi na mizigo mizito, huko ni nyaya mwanzo mwisho, hakuna mjadala, Tanzania wamefanya, Dar es Salaam mpaka Dodoma tangu 2024 ni umeme juu na kilomita 160 kwa saa, na Waethiopia walitutangulia wote wawili wakaunganisha Addis Ababa na Djibouti kwa umeme 2016. Ile ya Tanzania bado sijaipanda, naweka akiba.

Niliporudi niliwaonyesha watu video ya Plön kwa simu. Vijana wa kibandani walitaka kujua volti ngapi na betri za kampuni gani. Lakini swali lililonikaa ni la mama mmoja anayeuza nyanya pale soko la Githurai, wale wanaopanga bidhaa mpaka kwa reli yenyewe na treni ikija wanavuta magunia, inapita, wanarudisha. Nampitia kila jioni. Aliangalia video yote mpaka mwisho, akaniongezea sauti mwenyewe, akaweka simu sikioni.

"Mwanangu, mbona hainguruma?"

Nikamwambia mama, ndio uzuri wake, hakuna kelele, hakuna moshi, hata hizi nyanya zako hazitashika masizi.

Akanirudishia simu. "Mimi saa hii nikisikia inanguruma huko Mwiki najua niko na muda wa kutoa mavitu yangu na ya huyu jirani ambaye masikio yake si mazuri. Hii yako nitaisikia wapi?"

Nilimwambia ina honi, akasema honi hupigwa ikiwa imeshafika. Jioni hiyo nilikaa naye mpaka treni ya Ruiru ikapita, nikahesabu kwa simu kutoka mngurumo wa kwanza mpaka kichwa cha treni kufika kwa meza yake. Sekunde 70. Kwa hivyo kama kuna mtu wa reli anasoma haya na anapanga za betri, nawaomba mkiweka chaja stesheni mweke pia kengele na taa pande zote mbili za soko, ziwake mapema kushinda hizo sekunde 70, juu yule jirani anahitaji taa, kengele hataisikia.